Montreval ya Mtaa wa Hastings

Gari halikusimama.

Msomaji, ulimwacha Lovella Pettiford ukingoni mwa Mtaa wa Hastings, mkono umeinuliwa, akilingoja gari lake jipya lije lisimame mbele yake. Gari likaja kweli. Jeusi, refu, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Likapunguza mwendo. Orrin Haskell, aliyekuwa kwenye usukani, akagusa ukingo wa kofia kama anayemsalimu mpita njia, akakanyaga mafuta, akapita.

"Amepitiliza," alisema Enos, kaka wa marehemu mume wake.

"Nimeona."

"Labda hakutuona."

"Shemeji, mtu akikugusia kofia amekuona."

Kwa aliyejiunga nasi leo, mambo yalikuwa hivi. Katika Detroit ile ya mwaka 1934, Montreval, gari la matajiri, haikuuzwa kwa mtu mweusi. Hakuna sheria iliyokataza. Kulikuwa na tabasamu la muuzaji, kisha mlango. Basi mweusi mwenye uwezo alikodi uso. Alimtafuta mzungu aliyechacha, akamvisha, akampa fedha, mzungu akaingia dukani kama bwana, akatoka na gari, akalikabidhi mtaani pamoja na kadi yake ya umiliki. Madaktari walifanya hivyo. Wenye hoteli walifanya hivyo. Uso ulilipwa ukaenda zake, na hakuna aliyedhulumiwa.

Mpaka Lovella alipomkodi Haskell, muuza kamba za viatu, mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kuitwa "bwana" hata na paka. Siku ile dukani aliitwa bwana. Neno hilo likamlevya.

Na kiwanda chenyewe? Kilikuwa kinakufa. Benki zilikuwa zimefungwa, watu wazima walipanga foleni ya supu, magari ya Montreval yalikaa dukani yakishika vumbi. Bado kiliendelea kuchagua wateja. Ni sawa na ombaomba anayekagua kucha za mtu anayempa sadaka.

Habari ya Lovella kuachwa barabarani ilitembea Hastings haraka kuliko harufu ya samaki wa kukaanga. Kabla Lovella hajavua kofia, Lucius Grimble alikuwa ameshafika kwenye baraza la nyumba ya mazishi ya Lovella. Grimble naye alikuwa na nyumba ya mazishi, upande wa pili wa mtaa.

"Dada Lovella, pole sana."

"Nani kafa?"

"Bado hajafa. Ni biashara yako, nasikia iko mahututi."

"Ikifa nitaizika mwenyewe. Wewe ungeivunja shingo kwenye ngazi, kama ulivyomfanya mzee Toomer."

Grimble alicheka, lakini hakuondoka. "Jumamosi anazikwa Mchungaji Hollowell. Mjane alikuchagua wewe kwa sababu ulimwahidi atakwenda makaburini ndani ya Montreval. Mumewe alifukuzwa katika duka lile mchana kweupe, na mama yule amekula kiapo kwamba atampeleka mumewe nayo, apende asipende muuzaji. Huna Montreval, dada. Ataniita mimi. Na akiniita mimi, Hastings nzima itanifuata. Wafu ni kama kondoo."

"Na wewe ndiye mchungaji wao?"

"Mimi ndiye mwenye zizi."

Alipoondoka, Lovella alikaa kitako kwenye jeneza tupu la kuonyeshea wateja. Hakulia. Alikuwa amefiwa na mume, alikuwa amewaosha na kuwavisha watu wa mtaa mzima, machozi yake yalikuwa na utaratibu. Lakini alijua kwamba safari hii Grimble alikuwa amesema kweli. Bila gari lile Jumamosi, nyumba ya mazishi ya Pettiford ingefunga milango kabla ya theluji.

Ijumaa asubuhi alikuja Zenobia Tuck. Zenobia alisafisha vioo katika duka la Montreval, Barabara ya Woodward, na Jumapili aliimba sauti ya pili kwaya moja na Lovella.

"Bi Lovella, gari lako liko kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Gereji ya duka. Haskell ameliegesha pale. Kwake hana hata pa kuegesha baiskeli! Kila asubuhi anakuja, anaingia ndani ya gari, anakaa. Wanamletea kahawa."

"Analipeleka wapi?"

"Halipeleki popote. Anakaa tu. Mara mojamoja anapiga honi."

Enos aliguna. "Ametuibia gari ili akae ndani yake?"

"Na koti refu havui," Zenobia aliendelea. "Gereji ina joto, jasho linamtiririka, anaambiwa bwana vua koti, anasema hapana, baridi bado."

Lovella alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Alijua sababu. Suti aliyomvisha Haskell aliitoa katika stoo yake mwenyewe, nayo ilikuwa suti ya maiti. Suti za namna hiyo hushonwa mbele tu. Ukosi upo, vifungo vipo, tai ipo. Nyuma hakuna kitu, ni kamba mbili za kufungia, kwa maana anayeivaa hatarajiwi kugeuka. Kwa safari ya dakika chache dukani ilitosha, juu yake koti la kuazima.

"Shemeji," alisema, "kofia yako ya udereva iko wapi?"

Enos aliwahi kuendesha gari la tajiri mmoja wa Grosse Pointe mpaka tajiri alipofilisika. "Ipo. Ya kazi gani?"

"Tunakwenda dukani kuchukua gari."

"Lovella! Watatuitia polisi kabla hatujafika mlangoni."

"Mlango gani? Wewe unafikiria ule wa mbele. Montreval hawataki tuinunue. Kuiosha, kuiendesha, kuifungulia mlango, humo wametuzoea mpaka hawatuoni. Leta kofia. Mimi nitavaa aproni."

Jumamosi, jua lilipokwisha kupanda, waliingia kwa mlango wa nyuma. Haskell alikuwa bado hajafika.

Mtu aliyekuwa akifagia aliwaonyesha kwa kidevu waende mbele, kwa meneja, maana funguo zote alikaa nazo meneja. Jina lake Whitcomb Sayre. Alikuwa mwembamba, mweupe kama mshumaa, na wakati ule alikuwa akiwahubiria mume na mke waliokuja kutazama magari. Enos alivua kofia akaishika kifuani. Lovella alisimama nyuma yake na blanketi mkononi, kama mtumishi aliyetumwa na bibi mwenye nyumba. Hakuna aliyegeuza shingo.

"Montreval hainunuliwi, bibi," Sayre alikuwa akisema. "Mtu hukubaliwa na Montreval. Tazama ngao hii kwenye pua ya gari. Ndege watatu na taji. Ni ngao ya Konti wa Montreval, mtukufu wa ukoo wa Ufaransa uliopigana vita vya msalaba."

Lovella aliitazama ngao. Mume wake, marehemu Josiah, alifanya kazi kwa Montreval tangu ujana mpaka mapafu yalipomshinda. Alikuwa kwenye tanuri, akimimina chuma cha injini, kwa kuwa mbele ya tanuri ndipo mahali pekee palipokuwa na nafasi ya mtu mweusi. Na kila mtu wa tanuri alijua Konti wa Montreval alitoka wapi. Mwenye kiwanda, mzee Gottlieb Krumm, alikuwa mtengeneza majiko ya kupikia. Alipoanza kuunda magari aliambiwa hakuna tajiri atakayepanda gari linaloitwa Krumm. Akatazama mezani, akaona chupa ya mvinyo. Akachukua jina, akachukua ndege, akachukua taji. Chupa akaimalizia.

"Na kwa sababu hiyo," Sayre alimalizia, "tunalinda heshima. Gari moja tu likionekana na mtu asiyefaa, magari yote yameshuka hadhi."

"Mtu asiyefaa kama nani?" aliuliza yule mke.

"Ah, bibi." Sayre alicheka kidogo. "Unawajua."

Walikuwa wamesimama hatua chache kutoka kwake, hao wasiofaa kutajwa. Ndipo alipowaona, au tuseme alipoiona kofia ya Enos.

"Unataka nini, kijana?"

Enos alikuwa na miaka hamsini na mvi. "Gari la Bwana Haskell, bwana mkubwa."

"Haskell hajaniambia kitu."

"Bibi yake ana safari," alidakia Lovella, macho chini. "Amesema tusipofika mapema tutamtambua."

"Bibi?" Sayre alikunja uso. "Sikujua ana mke."

Enos alianza kuzungusha kofia vidoleni, dalili mbaya.

"Hata sisi tulikuwa hatujui, bwana mkubwa," Lovella alisema. "Tumeajiriwa juzi. Lakini anapiga kelele kama mke."

Yule mume mteja aliangua kicheko. Sayre naye akalazimika kucheka, kwa kuwa mteja amecheka. Akatoa ufunguo mfukoni, akauning'iniza kwa ncha za vidole, akauachia juu ya kiganja cha Enos bila kumgusa.

"Usishike viti kwa mikono michafu. Na wewe," alimwambia Lovella, "tandika hilo blanketi ndio ukae. Gari hili ni la waungwana."

"Ndiyo, bwana mkubwa. Tutalitunza kama letu."

Hakuwauliza majina. Hakuomba barua ya Haskell. Kwa mzungu angeomba. Ila kofia na aproni kwake vilikuwa sehemu ya gari, na nani anauliza gurudumu limetumwa na nani?

Enos aliliondoa taratibu. Walipokata kona ya Woodward, Lovella alikunja lile blanketi akalitupa sakafuni, akakaa kwenye ngozi tupu, kwa uzito wake wote.

Hastings ilipoliona gari, ilipiga vigelegele. Vinyozi walitoka na wembe mkononi. Mbele ya kanisa la Mchungaji Hollowell watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, na gari la maiti la Pettiford lilikuwa tayari mlangoni. Ng'ambo ya barabara, Grimble alikuwa ameegesha gari lake mwenyewe la maiti, injini inaunguruma, akisubiri aitwe. Alipoiona Montreval, uso ulimshuka kama pazia lililokatika kamba.

"Zima injini, Lucius," Lovella alimwambia kupitia dirishani. "Unachoma mafuta bure."

Mjane, Bi Hollowell, mwanamke mnene mwenye fimbo, alilizunguka gari mara moja. Aliigonga ngao kwa fimbo. "Hii ndiyo iliyomfukuza mume wangu Ezra?"

"Ndiyo hii, mama."

"Nifungulie."

Akaingia, akajipanga kiti cha nyuma, gauni jeusi likajaa pande zote.

Na hapo hapo king'ora kikalia.

Gari la polisi lilisimama mbele ya Montreval, likaziba njia. Akashuka Sajini Dombrowski, tumbo mbele. Akashuka Sayre, mweupe kuliko asubuhi. Nyuma yao akashuka Orrin Haskell, ndani ya koti lake refu, analia hasa.

"Gari langu! Nilikuta kahawa yangu ipo na gari halipo!"

"Ni nani aliyeiba gari la bwana huyu?" Sajini aliuliza.

Mtu mweusi kukamatwa na gari la mzungu, mwaka ule, ilikuwa kifungo, tena kama hakimu ameamka vizuri.

"Hakuna aliyeiba," Lovella alisema. "Gari ni langu. Fedha nilitoa mimi. Huyu nilimkodi."

"Mwongo!" Haskell alitoa kadi ya gari, akaipunga. "Jina langu hili! Mimi ni bwana Haskell, mteja wa Montreval!"

Sajini aliisoma kadi, akaanza kufungua pingu. "Shangazi, nyoosha mikono." Lilikuwa jina la kuwaitia wanawake weusi wa umri wake, na halikuwa la undugu.

"Nitanyoosha, Sajini. Ila kwanza mwombe bwana huyu avue koti."

"Sitavua!" Haskell alirudi nyuma.

"Kwa nini?" aliuliza Sajini, ambaye aliishi kwa kutilia watu shaka.

"Ni... baridi."

"Vua."

Koti lilishuka. Mbele Haskell alikuwa bwana kamili. Kisha upepo wa mtoni ukapita, na Zenobia, aliyekuwa amesimama nyuma yake na kwaya, akapiga yowe la kicheko. Nyuma hapakuwa na suti. Palikuwa na kamba mbili, fulana yenye matundu, na mgongo wa Orrin Haskell.

"Mama yangu!" alisema Enos. "Maiti imefufuka ikaenda kununua gari!"

Mtaa ulilipuka. Hata Sajini alifunika mdomo kwa pingu.

"Suti ni ya stoo yangu, Sajini," Lovella alisema. "Mtu asiye na mgongo wa suti anapata wapi fedha za Montreval? Muulize meneja. Ndiye aliyemwita bwana."

Wote wakamgeukia Sayre.

Sayre hakuwa akimtazama Haskell. Alikuwa akimtazama Quincy Abernathy, mpiga picha wa gazeti la watu weusi, ambaye alikuwa amekuja kwa mazishi na sasa alikuwa anarekebisha kamera yake. Ndani ya fremu kulikuwa na ngao ya ndege watatu. Nyuma yake kidogo, mjane mweusi ameketi kama malkia.

Meneja alipiga hesabu, nasi tunaweza kuisoma usoni pake. Akiita hili wizi, kuna kesi. Kwenye kesi ataapishwa. Ataulizwa nani alitoa ufunguo. Atasema mimi. Ataulizwa alimuuzia nani. Atasema muuza kamba za viatu aliyevaa suti ya kuzikiwa. Na magazeti yote yataandika kwamba Montreval inaongoza mazishi Hastings.

Alikohoa. "Sajini, kuna kosa limetokea. Hii si Montreval."

"Nini?" Haskell alishituka.

"Ni gari linalofanana na letu. Wajanja hutengeneza. Sijawahi kuliona hili."

"Ngao yenu hiyo hapo!" alisema Sajini.

"Imebandikwa." Sayre aligeuka huku na huku. "Kuna mtu ana bisibisi?"

Enos alikuwa ameshafungua kisanduku cha vifaa. "Karibu, bwana mkubwa. Mikono misafi."

Basi mbele ya kanisa zima meneja wa Montreval alipiga magoti kwenye vumbi la Hastings akafungua ngao ya ukoo wa Ufaransa, skrubu moja baada ya nyingine. Lovella alisimama juu yake.

"Ipeleke nyumbani," alimwambia kwa upole. "Ibandike kwenye chupa ilikotoka."

Sayre alitia ngao mfukoni, akaanza kwenda kwa miguu kuelekea Woodward. Haskell alimkimbilia, kamba zinapepea mgongoni.

"Bwana Sayre! Kadi yangu imeandikwa Montreval!"

"Basi nenda katafute Montreval yako," Sayre alisema bila kugeuka. "Umesikia hii siyo. Na usiniguse."

Haskell alisimama katikati ya barabara. Hakuna aliyemwita bwana. Hakuna aliyemwita kitu chochote.

Kwaya ilianza kuimba. Enos alipanda mbele na Lovella akaushika mlango ili aingie, na kwa mara ya kwanza tangu aachwe barabarani alivuta pumzi mpaka chini.

"Ngoja, shangazi."

Sajini Dombrowski hakuwa ameondoka. Alikuwa anakwaruza shavu, akilitazama gari polepole, kutoka gurudumu hadi gurudumu, kama mtu aliyekuta pochi njiani.

"Nimesikia vizuri? Kiwanda kimesema gari si lake. Kadi ya yule mpumbavu si ya gari hili. Na wewe kadi huna."

"Huna aliyelalamika pia, Sajini."

"Silazimiki kuwa naye. Gari lisilo na kiwanda, lisilo na kadi, lisilo na mwenyewe, linalala kituoni. Likikaa muda bila mtu kulidai, tunagawana sisi." Akatabasamu. "Mwambie mama huyo ashuke."

Ng'ambo ya barabara, injini ya Grimble iliwaka tena.

Bi Hollowell alichungulia dirishani. "Anasemaje huyu?"

"Anataka ushuke, mama."

"Mwambie nimeshakaa."

Milango ya kanisa ilifunguka. Jeneza la Mchungaji lilitokea mabegani mwa watu sita, wakashuka nalo ngazi, wakaliingiza kwenye gari la Pettiford. Sajini alikwenda akasimama mbele ya Montreval, akaweka kiganja kwenye boneti, juu ya matundu mawili ilipokuwa ngao.

"Shemeji," alisema Lovella, "sogea upande."

"Lovella, mbele kuna polisi."

"Nimemwona. Sogea."

Aliingia, akafunga mlango, akashika usukani uliokuwa bado na joto la mikono ya Enos. Akamtazama Sajini kupitia kioo, macho kwa macho.

Akaweka gia.